Mungu Ahesabuye, Mwanadamu Apimaye

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 90:10-12, Zab. 147:3-5, Amosi 8:4-7, Marko 12:38-44, Luka 15, Mdo 27:27-44, Mt. 18:21-35, Dan. 8:14, 9:24-27, Yn. 21:1-14.

Fungu la Kukariri: Zaburi 90:12. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Musa alipoomba ombi la Zaburi 90:12 hakuomba aongezewe siku. Aliomba afundishwe kuzihesabu. Kwake hesabu ilikuwa mlango wa hekima, na mwalimu wa hesabu hiyo alikuwa Mungu mwenyewe.

Katika wilaya ya Kyela na pwani yote ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hakuna anayemaliza siku bila hesabu. Mkulima wa mpunga wa Ipinda huhesabu magunia. Mwenye kakao husimama mbele ya mizani ya chama cha ushirika akitazama kilo zake kwa macho makali. Mvuvi wa Matema hugawa samaki kwa wenzake wa mtumbwi, na kila mmoja anajua fungu lake. Karani wa bandari huhesabu abiria. Hata hivyo waumini wengi hudhani kwamba hesabu ni mali ya shule na soko, na imani ni mali ya kanisa. Siku ya kwanza wanakwenda na kalamu, siku ya saba wanakwenda na Biblia, na vitu hivyo viwili havikutani.

Biblia haikubali mgawanyo huo. Zaburi 147 inamtaja Mungu anayeponya waliovunjika moyo, na fungu linalofuata linamtaja akihesabu nyota na kuziita kwa majina. Kisha fungu la 5 linakiri kwamba akili zake hazina kipimo. Basi anayejua idadi ya nyota ndiye anayejua pia idadi ya majeraha ya mtu mmoja.

Juma hili darasa litajifunza hesabu tano za Biblia: kipimo, sehemu, idadi, deni na wakati. Si ramli wala utafutaji wa namba za bahati. Ni kujifunza jinsi Mungu anavyohesabu, ili mwanadamu apime kwa haki.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Debe, Gunia na Siku ya Sabato

*Soma Amosi 8:4-7. Walawi 19:35, 36. Kumbukumbu la Torati 25:13-16. Je, wafanyabiashara wa siku za Amosi walikuwa na kosa gani kuhusu Sabato, ingawa hawakufungua maduka yao siku hiyo?*

Watu anaowakemea Amosi walikuwa watunza Sabato. Jua lilipozama walifunga biashara. Tatizo lao ni kwamba walikaa katika saa takatifu wakiuliza zitakwisha lini, ili warudi kwenye efa iliyopunguzwa na shekeli iliyoongezwa. Mwili ulikuwa hekaluni, moyo ulikuwa ghalani. Ndiyo maana nabii anaweka Sabato na mizani katika sentensi moja.

Tazama hesabu ya uovu huo. Tuseme efa, ambayo ni kipimo cha nafaka, imepunguzwa kwa sehemu 1 ya 10. Tuseme pia jiwe la shekeli, ambalo hupimia fedha ya mnunuzi, limeongezwa kwa sehemu 1 ya 10. Wengi wangesema maskini ameibiwa asilimia 20. Sivyo. Amelipa 1.1 na kupokea 0.9. Ukigawa 1.1 kwa 0.9 unapata zaidi kidogo ya 1.22. Ameongezewa bei kwa asilimia 22. Dhambi mbili zikikutana hazijumlishwi tu, huzidishana.

Kyela inaijua hesabu hii kwa jina lingine, lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Tuseme mkulima analipwa gunia la kilo 100, lakini ndani yake mmeingia kilo 120. Kwa magunia 5 ametoa kilo 100 za ziada. Amelipwa matano na ametoa sita. Gunia la sita halikuuzwa, limeibwa mchana mbele ya mashahidi, na mwenye mpunga mwenyewe amesaidia kulishona.

Sheria ya vipimo ya nchi inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga vita jambo hilo. Lakini mkulima aliye na ada ya mtoto mkononi husema: nikikataa, mnunuzi ataondoka, naye atanunua kwa jirani. Jibu la swali hilo haliwezi kutolewa na mtu mmoja peke yake. Washiriki kumi wakikubaliana kuuza kwa kilo, wakachangia mizani, mnunuzi hana jirani wa kukimbilia. Hapo kanisa linakuwa zaidi ya mahali pa kuimba.

Amosi 8:6 inataja pia uuzaji wa takataka za ngano. Udanganyifu haukai upande mmoja wa mizani. Mpunga usiokauka vizuri, kakao yenye unyevu ili ivute kilo, mchele wa kwingine unaochanganywa na kuuzwa mjini kwa jina la mchele wa Kyela kwa sababu watu wanapenda harufu yake: yote ni efa ndogo.

*Kama Mungu angekagua debe la nyumba yako Ijumaa jioni, dakika chache kabla ya jua kuzama, angekuta nini?*

JUMATATU

Sehemu na Zima

*Soma Marko 12:38-44. Yesu alitumia kipimo gani alipolinganisha sadaka ya matajiri na ya mjane?*

Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba sehemu ina namba mbili: kiasi kilicho juu na asili iliyo chini. Ukiona kiasi peke yake hujui chochote kuhusu ukubwa wa sehemu. Moja ya mbili ni nusu, na moja ya elfu ni kitu kidogo sana, ingawa juu imeandikwa moja ile ile.

Sanduku la hazina hekaluni lilipokea kiasi tu. Mhazini angefungua na kuandika fedha nyingi za matajiri na senti mbili za mjane, na angekuwa ameandika kweli. Yesu hakumpinga mhazini. Alisoma namba ya chini, ile isiyoandikwa katika risiti yoyote. Tajiri akitoa 1,000 katika 100,000 ametoa sehemu 1 ya 100. Mjane alitoa 2 katika 2. Hiyo si sehemu tena, ni zima.

Zaka imejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Kumbukumbu la Torati 14:22 inaagiza zaka ya maongeo. Mvua za masika zinapozidi, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika, na mashamba ya bondeni hulala chini ya maji. Mwaka mzuri familia moja huvuna magunia 40, na mwaka wa mafuriko 10. Mwaka wa kwanza hutoa 4, wa pili 1. Anayesoma daftari la kanisa bila kufikiri atasema imani ya familia ile imeshuka. Ukweli ni kwamba haijasogea hata kidogo, kwa maana 4 ya 40 na 1 ya 10 ni sehemu moja. Mungu hakudai kiasi kile kile kwa kila mtu na kwa kila mwaka. Alidai uaminifu ule ule. Kwa kipimo hicho maskini anaweza kuwa sawa na tajiri, na tajiri hana mahali pa kujisifu.

Lakini fungu linalotangulia habari ya mjane lisirukwe. Katika Marko 12:40 Yesu amewahukumu waandishi wanaokula nyumba za wajane kisha wanasali kwa maneno marefu. Baada ya hapo tu ndipo mjane anaingia. Kanisa linalosifu senti mbili za mjane na kumwacha alale na njaa limesoma nusu ya habari. Sadaka yake ni mfano kwa watoaji. Si ruhusa kwa wapokeaji.

*Katika kanisa lenu mahalia, je, watu hupongezwa kwa kiasi walichotoa au kwa uaminifu wao? Ni badiliko gani dogo lingeweza kufanywa katika jinsi michango inavyotangazwa?*

JUMANNE

Moja Pungufu ya Mia

*Soma Luka 15:1-10 na Matendo 27:27-44. Kwa nini unadhani Luka aliandika idadi kamili ya watu waliokuwa katika merikebu?*

Mwanafunzi akipata 99 katika 100 nyumba nzima hushangilia. Mchungaji wa Luka 15 alipata 99 katika 100 na akatoka kutafuta. Kwa hesabu ya soko, hasara ya mmoja katika mia huvumilika. Kwa hesabu ya mbinguni haivumiliki.

Sura hiyo ina hasara tatu: kondoo 1 katika 100, sarafu 1 katika 10, mwana 1 katika 2. Sehemu iliyopotea inazidi kukua, lakini furaha ya kupata haipimwi kwa sehemu. Mbingu hushangilia kwa ajili ya yule mmoja wa mia kama vile baba alivyoshangilia kwa ajili ya mmoja wa wawili. Hakuna mshiriki anayepungua thamani kwa sababu kanisa lake lina watu wengi.

Wakaao kando ya ziwa wanaielewa Matendo 27 kuliko wengi. Usiku, katika dhoruba, mabaharia walishusha kamba ya kupimia kina. Mara ya kwanza walipata pima 20, mara ya pili pima 15. Pima moja ni karibu meta 1.8, kwa hiyo kina kilishuka kutoka meta 36 hivi hadi 27. Hawakuiona nchi kavu, lakini namba mbili ziliwaambia kwamba iko karibu. Kisha Luka anaandika kwamba waliokuwa ndani walikuwa 276, na sura inakwisha kwa habari kwamba wote walifika pwani salama. Ndiyo kazi ya ile 276. Bila idadi hiyo, neno "wote" lingekuwa maneno ya kufariji tu. Kwa idadi hiyo, ahadi ya Mungu kwa Paulo inaweza kukaguliwa.

Tanzania ina kumbukumbu chungu ya kinyume chake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na idadi yao kamili imebaki na ubishi kwa sababu waliopanda walikuwa wengi kuliko walioandikwa. Kuna wazazi ambao mtoto wao hakuwa hata namba katika karatasi. Karani anayehesabu abiria kwa makini, Itungi au Kiwira, anafanya kazi ya upendo hata kama abiria wananung'unika kwa kucheleweshwa.

Je, kila kuhesabu ni kuzuri? Hapana. Katika 2 Samweli 24 Daudi alihesabu watu na msiba ukaja. Idadi aliyoletewa ilikuwa ya watu wenye kufuta upanga. Alihesabu nguvu ili ajivune. Mchungaji alihesabu kondoo ili ajue nani hayupo. Namba ni ile ile. Moyo ndio unaotofautiana.

Kila Sabato darasa hujaza kadi ya mahudhurio. Kadi hiyo inaweza kuwa ya Daudi, ikisomwa mbele ili darasa lijisifu. Inaweza pia kuwa ya mchungaji, ikitazamwa jina kwa jina hadi mtu aulize: yule dada wa ng'ambo ya mto, mbona hajaonekana Sabato tatu?

*Chukua kadi ya darasa lenu. Ni nani hayupo? Nani atakwenda kumwona kabla ya Sabato ijayo?*

JUMATANO

Deni Lisilolipika

*Soma Mathayo 18:21-35. Petro alidhani ametaja namba kubwa. Kwa nini Yesu alimpa namba kubwa zaidi, kisha akasimulia habari za madeni?*

Petro alitaja mara 7. Yesu akamjibu sabini mara saba. Anayezidisha hupata 490, lakini anayeweka daftari ili asubiri kosa la 491 hajaelewa somo. Katika Mwanzo 4:24 Lameki alijisifu kwa kisasi cha mara sabini na saba. Yesu alichukua lugha ya kisasi kisicho na mwisho akaigeuza kuwa msamaha usio na mwisho.

Kisha akatoa hesabu. Mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta 10,000. Wachambuzi wengi hukadiria talanta moja kuwa dinari 6,000 hivi, na Mathayo 20:2 inaonyesha kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi deni lake lilikuwa dinari 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka, asile wala asivae, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza. Mtumwa wa pili alidaiwa dinari 100, yaani siku 100 za kibarua, karibu miezi minne. Deni la kwanza ni mara 600,000 ya la pili.

Ona alichoomba yule mtumwa. Hakuomba kusamehewa. Aliomba avumiliwe, akaahidi kulipa yote. Aliomba muda, na alichohitaji ni rehema. Huo ndio ugonjwa wa kila mtu anayetaka kuokolewa kwa matendo yake: anamwambia Mungu asubiri kidogo, atajirekebisha, atalipa. Mfalme alijua hesabu, kwa hiyo alimpa zaidi ya alichoomba. Akafuta lote.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi za wakulima. Msimu wa kupanda mtu hukopa fedha, na wakati wa mavuno hulipa kwa magunia ambayo thamani yake imepita mbali mkopo. Wengine huuza kakao ingali mtini kwa sababu mgonjwa anasubiri hospitali. Ndugu wawili waliogawana ekari za baba yao wanaweza kukaa miaka bila kusalimiana kwa ajili ya mpaka wa hatua tatu, na bado wakashiriki meza moja ya Bwana. Dinari 100 si kitu cha kudharau. Ni jasho la miezi minne, na Yesu hakusema deni hilo halikuwa kweli. Alisema linapimwa kando ya lile la 60,000,000.

Kusamehe si kuficha uhalifu wala kumrudisha mtu mikononi mwa anayemuumiza. Ni kukataa kukusanya deni la moyo.

Mika 7:19 inasema dhambi zetu zitatupwa katika vilindi vya bahari. Kutoka Matema, pale milima ya Livingstone inaposhuka moja kwa moja majini, msomaji anaweza kupata picha yake. Kina cha Ziwa Nyasa hufika takribani meta 700. Hakuna nyavu ya mvuvi inayofika huko. Tena Mungu hakuweka mtumbwi wa kwenda kuvua kilichotupwa.

*Kuna jina gani ambalo bado unalihesabia makosa? Andika deni lake, kisha karibu nalo andika lako kwa Mungu.*

ALHAMISI

Mwaka Usiokuwapo

*Soma Danieli 8:14, 9:24-27, Ezra 7:11-26, Mathayo 24:36. Unabii wa wakati unatufundisha nini kuhusu uwezo wa hesabu, na kuhusu mpaka wake?*

Hakuna mahali ambapo Waadventista hukutana na hesabu kuliko hapa, na wengi huikariri bila kuifanya. Darasa lichukue karatasi.

Amri ya Artashasta ilitekelezwa mwaka 457 K.K. Kwa kanuni ya siku moja kuwa mwaka mmoja, majuma 70 ni miaka 490, na siku 2,300 ni miaka 2,300. Mwanafunzi mwepesi ataondoa 457 katika 2,300 na kupata 1843. Lakini kalenda haina mwaka wa sifuri. Baada ya mwaka 1 K.K. unafuata moja kwa moja mwaka 1 B.K. Kutoka mmoja hadi mwingine ni hatua moja, si mbili. Kwa hiyo anayevuka mpaka huo huongeza 1, na jibu ni 1844.

Kanuni hiyo hiyo hujaribiwa kwa majuma. Majuma 7 na 62 ni 69, yaani miaka 483. Ondoa 457 upate 26, ongeza 1 upate mwaka 27 B.K., wakati wa ubatizo wa Yesu. Nusu ya juma la mwisho, miaka mitatu na nusu, hufika mwaka 31, wakati wa msalaba. Juma likikamilika ni mwaka 34. Miaka 490 ikitolewa katika 2,300 inabaki 1,810, na 34 ukijumlisha 1,810 ni 1844. Njia mbili, jibu moja.

William Miller, mkulima wa Marekani aliyejifunza unabii huu, kwanza alitazamia Kristo arudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Waliokuwa pamoja naye walipotambua suala la mwaka wa sifuri na kuutazama upya mwanzo wa kipindi, hatimaye walifika tarehe 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ikapita. Watu walilia hadi asubuhi.

Kosa lilikuwa wapi? Jumlisha na toa zilikuwa sahihi. Tukio ndilo lililoeleweka vibaya. Walidhani patakatifu ni dunia itakayotakaswa kwa moto wa kuja kwake. Kwa kujifunza Waebrania 8 na 9 waliona kwamba Kristo alianza awamu ya mwisho ya huduma yake katika patakatifu pa mbinguni. Namba inaweza kuwa kamili na maana yake ikakosekana. Hesabu hujibu lini na ngapi. Neno ndilo linalojibu nini na kwa nini.

Tangu hapo Waadventista hawana unabii wa wakati unaotaja tarehe ya kurudi kwa Yesu. Akitokea mhubiri kijijini na ubao uliojaa namba, akawaambia watu wasipande mpunga mwaka huu kwa kuwa Bwana anakuja kabla ya mavuno, mwamini ana jibu la Mathayo 24:36. Mungu anayejua hesabu ya siku hiyo ameamua kutoigawa. Yeye aliyesema hivyo aliagiza pia watumwa wake wakutwe kazini.

*Kwa nini ni rahisi kuwavuta watu kwa tarehe kuliko kwa wito wa kuwa waaminifu kila siku?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Yohana 21:1-14. Wanafunzi walivuta nyavu yenye samaki wakubwa 153. Tangu zamani namba hiyo imewavutia watu. Augustino alionyesha kwamba ukijumlisha 1, 2, 3 na kuendelea hadi 17 unapata 153 kamili. Ni kweli, na mtoto anaweza kuhakikisha. Lakini Yohana hakusema ni siri. Anayewajua wavuvi anajua sababu iliyo karibu zaidi. Usipa hupimwa kwa debe, kwa maana hakuna awezaye kuwahesabu. Samaki wakubwa, kama mbasa wa Nyasa, huhesabiwa mmoja mmoja kwa sababu lazima wagawanywe. Yohana alikuwapo, na 153 ni neno la shahidi. Hata muujiza ulihesabiwa kwa haki kabla ya kugawanywa.

Turudi kwa Musa. Zaburi 90:10 inataja miaka 70. Miaka 70 ni siku 25,550, bila kuhesabu siku za miaka mirefu. Namba hiyo huonekana kubwa hadi mtu atoe zile zilizokwisha kupita. Mwenye miaka 50 akifika 70 amebakiwa na siku 7,300.

Katika miaka hiyo 70 zimo Sabato 3,640. Zikipangwa mfululizo, hizo ni karibu miaka 10 kamili. Mungu amemwekea kila mtu, tajiri na maskini, mwenye ekari na asiye na ekari, miaka 10 ya pumziko katika 70 ya taabu, naye hakutumia efa ndogo kupima zawadi hiyo. Anayeipokea kwa mikono miwili hana sababu ya kuuliza itakwisha lini. Naye akirudi sokoni siku ya kwanza, arudi na debe linalofanana na lile la Mungu.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mmoja ni mnunuzi wa mpunga. Anasema asipojaza lumbesa, washindani wake wasio waumini watamfilisi na watoto wake watakosa ada. Kwa kutumia Amosi 8 na Mithali 11:1, darasa lingemshauri nini? Na kanisa lina wajibu gani wa kumsaidia atii?

2. Katika Kutoka 30:12-15 tajiri hakuruhusiwa kutoa zaidi ya nusu shekeli, wala maskini pungufu. Lakini katika zaka kila mmoja hutoa kwa sehemu. Kwa nini Mungu alitumia hesabu mbili tofauti? Kila moja inafundisha nini kuhusu thamani ya mtu?

3. Kanisa lina washiriki 120 katika kitabu, na wanaoonekana ni 70. Baraza linapendekeza kuyafuta majina 50 ili takwimu zipendeze. Mchungaji wa Luka 15 angesema nini katika kikao hicho? Je, kuna wakati ambapo ni haki kusahihisha kitabu?

4. Uchungu wa mwaka 1844 ulitokana na hesabu sahihi juu ya tukio lililoeleweka vibaya. Je, kuna mambo mengine katika maisha ya imani ambayo mtu anaweza kuyapima vizuri na bado akakosa maana yake?

5. Kila mmoja ahesabu Sabato alizokwisha kuishi kwa kuzidisha umri wake kwa 52. Kisha aeleze, akipenda, ni Sabato gani kati ya hizo anayoikumbuka kwa shukrani.